Pizza za friza, soseji na kuku wa barafu: Tununue au tuache?



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo, leo safu hii inazungumzia jambo ambalo miaka ya nyuma lisingewahusu watu wa Kilimatinde, lakini sasa limeshaingia majumbani mwetu: chakula kilichogandishwa kiwandani na kuuzwa katika boksi au mfuko wa nailoni.

Mji wetu uko juu ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kuku wa kienyeji wanaparura katika kila ua. Mkoa huu wa Singida unasifika kwa kuku, na wachuuzi huwajaza katika matenga kuwapeleka Dodoma na Dar es Salaam. Cha kushangaza ni kwamba mabasi yanayokwenda na kuku hai hurudi na kuku waliogandishwa! Vijana walioko mjini huwatumia wazazi wao boksi lenye soseji, kuku waliokatwakatwa, sambusa za kiwandani, na siku hizi hata pizza, hasa Ramadhani ikikaribia na wakati wa Idi. Ni zawadi ya mapenzi, na kumkumbuka mzazi ni jambo la kheri. Lakini mapenzi hayaui vijidudu.

Muislamu anapotaka kununua chakula cha namna hii anapaswa kujiuliza maswali matatu, na ayaulize kwa mpangilio huu. La kwanza, je, ni halali? La pili, je, ni salama? La tatu, je, kina thamani ya pesa inayotolewa? Likishindwa la kwanza, hakuna haja ya kuendelea na mengine.

PIZZA NI NINI HASA?

Pizza asili yake ni Italia. Ni mkate bapa unaopakwa rojo la nyanya, ukanyunyiziwa jibini na kuwekwa nyama, samaki au mboga juu, kisha ukaokwa katika tanuri lenye moto mkali. Pizza ya friza hutengenezwa kiwandani, nyingine ikiwa imeokwa nusu na nyingine ikiwa na unga mbichi kabisa, kisha hugandishwa haraka na kuhifadhiwa kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri. Kazi ya kumalizia kuioka anaachiwa mnunuzi.

Msomaji asiichanganye na ile "pizza" ya Forodhani, Unguja. Ile ni chapati nyembamba inayojazwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ikakunjwa na kukaangwa juu ya chuma mbele ya macho ya mlaji. Hizo mbili zimekutana kwa jina tu. Ile ya Forodhani unamwona anayeipika na unaweza kumuuliza nyama ameitoa wapi. Ile ya boksi unaiuliza karatasi.

SWALI LA KWANZA: JE, NI HALALI?

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqarah, aya ya 168, anawaamrisha watu kula vilivyo halali na vizuri. Wanavyuoni wetu walitufundisha madrasa kwamba hayo ni masharti mawili. Nyama iliyochinjwa kisheria ikaachwa mpaka ikaoza imekidhi sharti la kwanza ikakosa la pili. Na nyama safi inayong'aa, iliyogandishwa vizuri kabisa, ikiwa ni ya nguruwe, usafi wake haumsaidii kitu Muislamu.

Kwenye pizza tatizo la kwanza ni nyama ya juu. Vile vipande vyekundu vya mviringo viitwavyo "pepperoni" kwa kawaida huko Marekani hutengenezwa kwa nyama ya nguruwe iliyochanganywa na ya ng'ombe. Maneno "ham", "bacon", "pork" na "lard" yote yanahusu nguruwe, na hilo la mwisho ni mafuta yake. "Salami" nayo mara nyingi ni nguruwe. Mzazi asiyesoma Kiingereza amwite kijana wa shule amsomee, na ayakariri maneno hayo.

Tatizo la pili ni kuku au ng'ombe ambaye hatujui alichinjwaje. Maandishi ya kwamba hakuna nguruwe ndani hayatoshi kuthibitisha kuwa nyama ni halali, kwa sababu kuku aliyekufa bila kuchinjwa naye si nguruwe, na bado ni mzoga. Tafuta alama ya halali na jina la taasisi iliyoitoa. Hapa Tanzania BAKWATA ni miongoni mwa wanaotoa ithibati hiyo. Alama isiyo na jina la mtoaji ni pambo tu.

Tatizo la tatu wengi hawalijui, nalo ni jibini. Maziwa hugandishwa kuwa jibini kwa kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, sharti ndama huyo awe amechinjwa kisheria. Siku hizi viwanda vingi hutumia kimeng'enya kinachotokana na vijidudu au kuvu, na hicho hakina tatizo. Alama inayoonyesha kuwa jibini linawafaa wasiokula nyama ni dalili nzuri katika jambo hili.

Huenda msomaji akasema kwamba tunajitia wasiwasi bure. Basi tuitazame Ulaya. Mwezi Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya kupima chapati za nyama ya kusaga zilizoandikwa kuwa ni ng'ombe. Kati ya sampuli 27, sampuli 10 zilikutwa na vinasaba vya farasi na 23 zilikutwa na vinasaba vya nguruwe. Hayo yalitokea katika nchi zenye maabara, wakaguzi na mahakama. Nyama ikishasagwa na kugandishwa, jicho haliwezi kumtofautisha mnyama.

Wapo watakaouliza kuhusu ile hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) iliyopokewa na Bukhari, ambapo Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu nyama inayoletwa na watu waliosilimu karibuni, haijulikani kama walitaja jina la Allah, naye akawaelekeza wataje jina Lake wao wenyewe kisha wale. Hadithi ni sahihi, na inatufundisha kutomdhania vibaya ndugu Muislamu. Lakini walioleta nyama ile walikuwa Waislamu wanaojulikana. Wanavyuoni wengi hawaitumii kuhalalisha boksi lililotoka kusikojulikana, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Mtume (S.A.W.) ametufunza pia kwamba mwenye kujiepusha na yenye utata ameihifadhi dini yake na heshima yake.

SWALI LA PILI: JE, NI SALAMA?

Hapa ndipo ninapomuomba msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wanapoumia.

Watu wengi wanaamini kwamba baridi kali inaua vijidudu. La hasha! Baridi inavilaza usingizi. Chakula kikiwa kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri, bakteria hawazaliani, lakini wengi wao hawafi. Barafu ikiyeyuka wanaamka na kuendelea na kazi yao. Hatari kubwa iko kati ya nyuzi joto 5 na 60. Katika joto zuri kwao, bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Piga hesabu: bakteria mmoja akiongezeka hivyo kwa saa saba, anakuwa zaidi ya milioni mbili.

Sasa tulifuate boksi letu. Linatoka dukani Dar es Salaam asubuhi, linafungwa kwa magazeti, linawekwa kwenye buti la basi. Safari hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita 500. Hapo linasubiri gari la kulileta Kilimatinde. Likifika usiku linatiwa kwenye friji ya jirani na linaganda upya. Kesho yake mama akilitazama analiona gumu kama jiwe, akadhani liko salama. Ugumu ule ni wa jana usiku tu. Hausemi chochote kuhusu saa zilizopita njiani.

Wengine hujibu kwamba watalichemsha sana. Kuchemsha kunaua bakteria wengi, ni kweli. Lakini yupo bakteria aitwaye Stafilokoka, anayeishi puani na kwenye vidonda vya mikono ya watu. Akipata chakula chenye joto hutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemsha. Chakula kinaweza kutokota jikoni na bado kikawatapisha watu wa nyumba nzima baada ya saa chache.

Dukani nako kuna mambo ya kutazama. Wapo wenye maduka wanaozima friza usiku ili kupunguza gharama ya umeme, na wapo wanaoweka kuku mbichi pamoja na barafu za kuuzia watoto. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa na ubaridi wake kiasi cha saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Kabla hujatoa pesa yako, tazama dalili hizi:

1. Vipande vilivyotakiwa kuwa mbalimbali vimeshikamana kuwa bonge moja. Viliyeyuka vikaganda tena.
2. Kuna barafu nene ndani ya mfuko, au damu iliyoganda chini yake.
3. Boksi limelainika, limepinda au lina madoa ya maji.
4. Pizza imeelemea upande mmoja, jibini na nyama vimekusanyika pembeni. Iliyeyuka ikiwa imesimamishwa.
5. Tarehe ya mwisho wa matumizi imepita, imefutwa au imebandikiwa karatasi nyingine.

Ukiona moja kati ya hizo, rudisha. Usione haya. Kumuaibisha muuzaji kidogo ni kwepesi kuliko kumpeleka mtoto hospitali usiku.

MAFUNZO KUTOKA UFARANSA NA AFRIKA KUSINI

Asidhani mtu kwamba kiwanda kikubwa chenye jina ni kinga tosha. Mwaka 2022 huko Ufaransa watoto walianza kulazwa wakiwa na kuhara damu na figo kushindwa kufanya kazi. Uchunguzi ulielekea kwenye pizza za friza za chapa ya Buitoni aina ya Fraîch'Up, zilizotengenezwa kwa unga mbichi katika kiwanda cha Caudry. Ziliondolewa sokoni mwezi Machi mwaka huo. Wagonjwa 56 walithibitishwa, na watoto wawili walifariki dunia. Bakteria aliyehusika ni aina kali ya E. koli, na unga ulitajwa kuwa chanzo kinachowezekana zaidi. Somo ni kwamba unga mbichi, ingawa ni mkavu na mweupe, nao unaweza kubeba maradhi. Mtoto asilambe unga wa maandazi wala wa pizza kabla haujaiva.

Karibu nasi zaidi ni Afrika Kusini. Mwaka 2017 hadi 2018 walipatwa na mlipuko wa ugonjwa wa listeria, uliotokana na nyama ya kusindikwa iitwayo poloni, jamii ya soseji nene inayoliwa bila kupikwa. Watu 1,060 waliugua na 216 kati yao wakafa. Sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga walioambukizwa na mama zao tumboni. Bakteria wa listeria ana tabia ya pekee: anaendelea kuzaliana hata ndani ya friji. Kwa hiyo mama mjamzito asile soseji au poloni baridi kutoka kwenye friji. Apike mpaka itoke mvuke ndani yake, au aache kabisa. Kuacha ni bora.

JIKO LETU NA JIKO LAO

Maelekezo nyuma ya boksi la pizza humtaka mnunuzi awe na oveni ya nyuzi joto 200 na zaidi. Nyumba nyingi za hapa zinapika kwa mkaa au kuni. Pizza ikiwekwa kwenye kikaango juu ya mkaa, chini inaungua na katikati inabaki baridi, na hiyo ndiyo hali bakteria wanayoipenda. Asiye na oveni atumie njia ya akina mama wanaooka keki: sufuria nzito, moto mdogo chini, na makaa mengi juu ya mfuniko. Iive mpaka jibini lichemke katikati na unga usibaki na utelezi.

Kuku wa friza ana taratibu zake. Asiyeyushwe juu ya meza au juani. Mwenye friji amtoe kwenye friza amweke sehemu ya chini ya friji tangu jana yake, ndani ya bakuli, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Asiye na friji amwache ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, amtumbukize kwenye maji baridi na abadilishe maji hayo kila baada ya nusu saa, kisha ampike hapo hapo. Akishayeyuka asirudishwe kuganda akiwa mbichi. Kisu na ubao vilivyomkata vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia kachumbari. Ameiva pale maji yanayotoka pajani, karibu na mfupa, yanapokuwa meupe bila wekundu.

SWALI LA TATU: THAMANI YA PESA

Tuseme pizza ni halali na imefika salama. Je, inalipa? Pizza ya kawaida ya boksi ina uzito wa gramu 350 hadi 400. Hiyo inamshibisha mtu mzima mmoja, au wawili wenye kiasi. Nyumba ya watu sita itahitaji maboksi matatu au manne. Kabla hujanunua, zidisha bei ya boksi moja kwa idadi hiyo, kisha jiulize fedha hiyo ingenunua kilo ngapi za unga, mayai mangapi na kuku wangapi hapa Kilimatinde. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Halafu kuna chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Pizza ya gramu 400 ambayo lebo yake inasema gramu 1.3 za chumvi katika kila gramu 100 ina jumla ya gramu 5.2. Yaani mlo mmoja umemaliza kiwango cha siku nzima na kuzidi. Lebo ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa mbili na nusu. Wazee wetu wenye shinikizo la damu hawana nafasi ya kuchezea hapo.

Na soseji? Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ilieleza kwamba kula gramu 50 kila siku, kiasi cha soseji moja, kunaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Anayekula mara moja katika sikukuu asiogope. Anayempa mtoto kila asubuhi kabla ya shule afikiri upya.

BASI TUFANYE NINI?

Kwa nyumba ya Kilimatinde, ushauri wa safu hii ni huu:

Pizza ya friza: usinunue. Safari ni ndefu, jiko halikutengenezwa kwa ajili yake, nyama na jibini vina utata, na bei haishibishi. Mwenye hamu aikande mwenyewe: unga, hamira, nyanya na vitunguu vilivyokaangwa, na nyama ya kuku aliyemchinja mwenyewe. Au atengeneze ile ya Forodhani kwa chapati na mayai.

Kuku wa friza: anafaa kwa mwenye friza inayofanya kazi, akinunua duka la karibu analoliamini, mwenye ithibati ya halali, na asiye na dalili tulizozitaja. Kugandisha kwenyewe hakuharibu lishe ya nyama. Lakini kumbuka kwamba kuku hai ni friji isiyohitaji umeme. Unamchinja kwa Bismillah saa unayomhitaji, na humuulizi mtu alichinjwaje.

Soseji na nyama za kusindikwa: kwa nadra, ziive sana, na mjamzito ajiepushe.

Zawadi kutoka mjini: mwambie kijana wako kwa upole kwamba atume fedha, tende, mchele au mafuta ya kupikia. Akitaka lazima atume vya barafu, atumie kasha la kuhifadhi baridi lililojaa barafu, na kama barafu imeyeyuka yote njiani, nyama itupwe. Najua wengi watasema kutupa ni israfu. Israfu ni kupoteza kilicho na manufaa. Kilichogeuka sumu hakina manufaa, na kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu.

IKIWA MTU AMESHAUGUA

Kutapika na kuhara baada ya chakula mara nyingi hupungua kwa siku moja au mbili. Mpe mgonjwa maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, yaani ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Mtoto anayeharisha apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Usimpe vidonge vya kufunga tumbo, wala viuavijasumu vilivyobaki kabatini.

Mkimbize kituo cha afya au hospitali ukiona damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, kulegea, kutapika kila anachopewa, homa kali, au mkojo kupungua na mtoto kupauka. Dalili hizo mbili za mwisho, zikija siku chache baada ya kuhara damu, zinaweza kuwa figo zinazofeli kama walivyofeli watoto wa Ufaransa. Usisubiri asubuhi. Mama mjamzito mwenye homa na maumivu ya mwili naye aje mapema, na aeleze alichokula.

Ndugu zangu, tumbo ni amana, na mezani kwetu hukaa watoto ambao hawana uwezo wa kusoma lebo wala kukagua friza. Wao hula tunachowawekea. Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya tuliowachunga.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kizuri, na atuhifadhie afya zetu na za watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.